Sanduku la Fundi: Vyuma Butu na Kamba Yenye Kibanio

SWALI: Katika sanduku la marehemu babu, aliyekuwa fundi bomba, kuna vyuma kama patasi, butu na vilivyopinda shingo, upawa mzito na kamba nene yenye kibanio. Vilikuwa vya kazi gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni vifaa vya kukalafatia (kuziba kwa kushindilia) maungio ya mabomba ya majitaka ya chuma cha kutupwa, yaliyotumika kabla ya plastiki kuenea. Bomba liliingizwa katika mdomo mpana wa jingine. Fundi alishindilia nyuzi za katani zenye lami kwa chuma chembamba, akaacha kina cha inchi 1, kisha kwa upawa akamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yote kwa mkupuo mmoja. Kipimo cha kawaida ni ratili 1 ya risasi (karibu kilo 0.45) kwa kila inchi ya kipenyo. Bomba la inchi 4 hula karibu kilo 1.8.

Risasi hunywea ikipoa, kwa hiyo isipogongwa ungio huvuja. Hapo ndipo vyuma vilivyopinda hufanya kazi: kimoja ukingo wa ndani, kingine wa nje. Ukigonga kwa nguvu mno, mdomo wa bomba hupasuka.

Kamba ilizungushwa kwenye bomba lililolala ili risasi isimwagike. Kibanio kiliacha tundu la kumiminia juu. Kuwa mwangalifu nayo sana, kwani nyingi za zamani ni za asibesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiikate wala kuisugua; ilowanishe, uifunge ndani ya mifuko miwili. Upawa nao usiingie jikoni kamwe, kwani risasi ni sumu.