Barua kwa Mwanangu Anayejiandaa Kwenda Madagaska

Binti yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kupitia mdogo wako, nami nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu mambo uliyouliza hayajibiwi kwa simu huku watu wakipita uani. Unataka kujua kama ni sawa mmwache mtoto wenu mkubwa hapa kwangu Katuba, Lubumbashi, amalize mwaka wake wa mwisho wa sekondari, huku ninyi na wadogo wake wawili mkitangulia Antsirabe mwezi wa kwanza kama kamati ya kanisa ilivyopanga. Tena unauliza kama kusitasita namna hiyo, baada ya kuitikia wito mbele ya kanisa zima, ni upungufu wa imani.

Hilo la mwisho halinichukui muda. Katika Luka sura ya 14 Bwana mwenyewe anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, na hakumlaumu kwa kuketi. Hesabuni bila haya.

Kuhusu mtoto, jibu langu ni kwamba msimwache, wala msimkokote katikati ya mwaka. Iombeni kamati iwaruhusu muondoke wote pamoja mwezi wa nane, akiwa amekwisha kufanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Najua wengi watashangaa kwamba bibi ndiye anayekataa mjukuu. Tangu baba yenu atutoke nyumba hii ina vyumba vitupu, na msichana wa miaka kumi na saba wa kunisomea maandiko ya dawa na kunipikia bukari, yaani ugali, jioni ningempokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo elewa kwamba ninachokushauri kinanipunguzia mimi kwanza.

Unajua kwamba babu yako alikuwa mchungaji wa Kimetodisti aliyesomea Mulungwishi, lakini sidhani nimewahi kukueleza jinsi nilivyolelewa. Alipotumwa kwenye vituo vya vijijini ambako hakukuwa na shule ya kutosha, mimi niliachwa kwa shangazi yangu Likasi, wakati huo mji ukiitwa Jadotville. Shangazi alinitunza vizuri, sikulala njaa, ada yangu ililipwa, na kwetu hilo ni jambo la kawaida wala si aibu kwa mzazi yeyote. Baba alipokuja mjini kwa mkutano wa kanisa alishuka kwenye lori na kifurushi cha samaki wakavu kilichofungwa kwa kamba ya gome. Nilimkimbilia, nikampokea mzigo na kumwita “Pasta”, kama walivyomwita watu wote waliokuwa pale. Hakuna aliyenifundisha, na yeye hakunisahihisha. Nilimwita hivyo mpaka nilipoolewa. Simlaumu, maana alifanya alichoweza kwa nyakati zile, lakini ninyi mna njia ambayo yeye hakuwa nayo.

Usifikiri kwamba jambo hili lilitusumbua sisi weusi tu. Mmisionari Livingstone, ambaye kila mtoto wa shule hapa Katanga anamjua kwa sababu alifia kwa jirani zetu wa Zambia mwaka 1873, aliwapandisha mkewe Mary na watoto wao wanne kwenye meli kule Cape Town mwaka 1852 warudi Uingereza, naye akaendelea na safari zake kwa miaka minne bila kuwaona. Baadaye aliandika kwamba hakucheza na wanawe alipokuwa nao, na kwamba walikua yeye akiwa mbali hata hakubaki na wa kucheza naye. Mary alipomfuata tena, alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Wahubiri hututajia ujasiri wake mara nyingi, na mimi pia nauheshimu, lakini ningependa waitaje na sehemu hii.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha akina mama alinikumbusha habari za Hana, ambaye alimwacha Samweli hekaluni akiwa bado mdogo. Nilimjibu kwamba Hana alikuwa ametimiza nadhiri yake mwenyewe, kwamba alipanda kila mwaka kumpelekea mtoto kanzu aliyomshonea, na kwamba nyumba aliyomwacha ndiyo ile ambayo mzee Eli alishindwa kuwalea wanawe mwenyewe. Tukacheka, tukaachia hapo.

Sasa sikiliza habari ya nchi mnayoiendea, kwa maana inahusu moja kwa moja tarehe mliyopangiwa. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kufika Madagaska walikuwa David Jones na Thomas Bevan, vijana kutoka Wales, waliotumwa na Shirika la Misioni la London. Walishuka pwani ya Toamasina mwaka 1818, kisha wakawaleta wake na watoto wao wachanga, Jones mwishoni mwa mwaka huo na Bevan mwanzoni mwa uliofuata, mvua zikiwa zimeanza. Homa ya pwani ikawapata. Katika majuma machache Jones alimzika mtoto wake na mkewe, kisha wakafa Bevan, mke wake na mtoto wao, akabaki Jones peke yake, naye mgonjwa. Alirudi kisiwa cha Morisi, walikotokea, kupona, na mwaka 1820 akapanda tena hadi Antananarivo, Mfalme Radama wa Kwanza akampokea, na shule ikafunguliwa mwaka uleule. Biblia nzima ya Kimalagasi ilichapwa mwaka 1835, na wakati Malkia Ranavalona wa Kwanza alipoanza kuwatesa Wakristo, akina Rasalama, aliyeuawa kwa mkuki mwaka 1837, walikuwa na kitabu cha kusoma wakati wamisionari wamefukuzwa.

Ninyi hamtakwenda kwa meli wala kukaa pwani, na dawa za malaria zipo. Antsirabe iko juu kidogo kuliko Lubumbashi, na wewe muuguzi unaijua homa kuliko mimi. Hata hivyo, mwezi wa kwanza hadi wa tatu ndio wakati wa vimbunga na mafuriko katika kisiwa kile, barabara hukatika, na kufika na watoto wakati huo ili kutafuta nyumba, shule na mahali pa kununua mchele ni kujitakia taabu. Mwezi wa nane ni kiangazi. Usiku kutakuwa na baridi kali, lakini watoto wa Lubumbashi wanaijua baridi ya mwezi wa sita, wabebee sweta nzito na basi. Na kazi iliyoanza mwaka 1818, nadhani inaweza kungoja miezi saba mingine.

Shule nayo ina hoja yake. Huko mwanafunzi wa sekondari huishia kwenye bakaloria yao, siyo Exetat yetu, na mtoto anayehamishwa darasa la mwisho hupoteza mwaka na moyo pia. Akiondoka na diploma mkononi, hamumpeleki tena kama mzigo. Atafika, ataona, na kama baada ya muda ataamua kurudi kusoma chuo kikuu hapa Lubumbashi na kukaa nami, hilo litakuwa neno lake mwenyewe, alilolisema akiwa mtu mzima baada ya kuishi nanyi kule. Kuamua kurudi na kuachwa havifanani, hata kama chumba atakacholala ni kilekile. Wadogo wake msiwahofie sana. Watajifunza Kimalagasi uwanjani kabla yenu, na mtakuja kuwategemea sokoni.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naona lina uzito kuliko pasipoti. Hapa kwetu mtu akisikia umepanda ndege pale Luano, kwake umekwenda Bulaya, yaani Ulaya, hata kama umekwenda nchi yenye watu maskini kuliko sisi. Posho ya mmisionari ni ya chakula, nyumba na kazi, na wajomba wataanza kupiga simu kabla hamjafungua masanduku. Nitaita kikao cha ukoo hapa nyumbani kabla ya sikukuu ya Noeli. Mkwe wangu azungumze mwenyewe, kwa upole lakini waziwazi, aseme kanisa linawapa kiasi gani cha kuishi na kwamba hakuna cha kutuma. Asiache neno “tutaona” limtoke mdomoni, kwa sababu kwetu neno hilo husikika kama ahadi. Dawa zangu za presha ulizokuwa ukinilipia, kaka yako wa Kolwezi amekubali kuzichukua, tumekwisha kuelewana, usinirudishe kwenye mazungumzo hayo.

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo ya homa ya manjano na matokeo ya shule yenye mihuri vianzeni sasa, maana ofisi zetu unazijua. Vyombo vya nyumbani viuzeni taratibu, na kitanda kikubwa nileteeni mimi.

Barua ya kuomba kusogeza tarehe iandikwe na ninyi wawili na kutiwa sahihi zote mbili, ili mtu asije akasema ni mke anayemrudisha mume nyuma. Anzeni na kuthibitisha kwamba mnakwenda, kisha mtaje mtihani wa mtoto, kisha majira ya mvua, na mpendekeze tarehe yenyewe badala ya kuwaachia wao waitafute. Jitoleeni pia kutumia miezi hiyo kujifunza Kimalagasi. Kamati ikikataa kabisa, basi mkwe wangu atangulie peke yake kuandaa nyumba, nawe ubaki na watoto wote watatu mpaka mwezi wa nane. Hilo nitalipenda kidogo, lakini nitalipenda kuliko lile la kumwacha mtoto kwangu. Kabla ya kuipeleka, nipe nisahihishe Kifaransa chake, kwa maana nilifundisha miaka mingi na siwezi kuvumilia makosa kwenye barua ya familia yangu.

Msalimie mkwe wangu na wajukuu.

Mimi mama yako,
Katuba, Lubumbashi