Kamera iangalie geti, si sebule

Mama, umeuliza kama kamera uliyotumiwa na mwanao kutoka Ubelgiji uifunge sebuleni, hapo Nguba, Bukavu, ili uone nyumba kwenye simu ukiwa sokoni.

Ifunge getini, itazame nje. Sebuleni ndipo mnapohesabu pesa za likelemba, mchezo wenu wa kupeana pesa kwa zamu, ndipo jirani anapokuja kulia shida zake. Picha za kamera nyingi za aina hii hazibaki nyumbani: zinapita kwenye intaneti na kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, ng'ambo.

Neno la siri ambalo kamera ilitoka nalo kiwandani libadilishe siku hiyohiyo, tafadhali sana. Mwaka 2016 programu moja mbaya, Mirai, iliteka kamera na vifaa vingine vingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani kama 12345. Libadilishe mwenyewe, fundi akishaondoka. Ni kijana mzuri pengine, lakini nyumba si yake.

Msichana anayekusaidia kazi mwambie kamera ipo na inaona wapi. Ana haki ya kujua.

Na sentinela, mlinzi wako, usimwachishe kazi. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, modemu ya intaneti inazimika, nawe huko sokoni huoni kitu.