Maswali yenu: "Bosi ananiita kijiji cha baharini Indonesia. Tuuze parsele?"

SWALI: Jambo Mama. Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, fundi wa kuchomelea vyuma. Nilifanya kazi Kolwezi kwenye kiwanda cha Wachina mpaka kazi ilipopungua, serikali iliposimamisha mauzo ya nje ya kobalti, madini ya betri. Msimamizi wangu wa zamani amehamishiwa Morowali, Indonesia, kwenye viwanda vya nikeli. Ananiambia nije kwa viza ya utalii, kazi tutaiona hukohuko. Amenitumia picha za kijiji kinachoitwa Kurisa: nyumba zimesimama juu ya maji, nyuma yake mabomba ya moshi. Anasema wenyeji wanatajirika kwa kupangisha vyumba, na kwamba hata mimi naweza kununua kiwanja nijenge. Mke wangu ana mimba ya kwanza. Mama mkwe anataka tuuze parsele yetu, kiwanja chetu cha Kasapa, nipate tiketi. Maisha ya kijiji kile yakoje kweli, na kuna kesho huko?
— Fundi, Katuba

JIBU: Mwanangu, parsele ya Kasapa isiuzwe. Mengine yote tutayazungumza taratibu, lakini hilo nataka ulisikie kabla hujageuza ukurasa.

Nianze na viza, maana ndiyo itakayokutia matatani. Indonesia hairuhusu mgeni kufanya kazi kwa viza ya utalii. Ukishikwa, unafukuzwa nchini, na nauli ya mama mkwe imekwenda na maji. Njia ya halali ni kampuni yenyewe kuomba ruhusa ya kuajiri mgeni, ikitaja kazi gani na kwa muda gani, tena inatakiwa kumweka Mwindonesia kando yako ajifunze ujuzi wako. Sasa fikiri: kuchomelea, hata uwe hodari namna gani, ni kazi ambayo vijana wa Sulawesi, kisiwa chenye hiyo Morowali, nao wanaijua. Na kiwanja? Sheria yao ya ardhi ya mwaka 1960 inampa raia peke yake umiliki kamili. Mgeni anayenunua kwa jina la rafiki amemnunulia rafiki.

Sasa Kurisa. Ni kitongoji cha kijiji cha Fatufia, wilaya ya Bahodopi, pwani ya mashariki ya Sulawesi ya Kati. Wanaokaa pale ni Wabajo, watu wa bahari, ambao mababu zao waliishi ndani ya mitumbwi na ambao ndugu zao utawakuta mpaka Malaysia na Ufilipino. Nyumba zao ni za mbao juu ya nguzo, zimeunganishwa kwa vijia vya mbao, na chombo cha kuvulia kinafungwa hapohapo chini ya sakafu. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba wengu wa Wabajo wa Sulawesi ya Kati ni mkubwa kwa karibu nusu kuliko wa majirani zao wa nchi kavu, jambo linalowasaidia kukaa muda mrefu chini ya maji bila kuvuta pumzi. Nimelisoma hilo mara mbili, nikashangaa mara mbili. Bahari imeingia mpaka ndani ya miili yao!

Watu wa namna hiyo, mali yao ni maji safi na matumbawe yenye samaki. Mwaka 2013 eneo la viwanda likaanzishwa jirani yao, na mwaka 2015 Rais Joko Widodo akazindua kiwanda cha kwanza cha kuyeyusha nikeli. Tangu Januari 2020 ni marufuku kusafirisha nikeli ghafi nje ya Indonesia, kwa hiyo viwanda vikazaana. Leo vimeajiri makumi ya maelfu ya watu, na saa ya kubadilishana zamu barabara ya Bahodopi hujaa pikipiki mpaka haipitiki. Umeme wa viwanda unatoka kwenye mitambo ya makaa ya mawe. Inavuta maji ya bahari kupoza mashine, kisha inayarudisha yakiwa ya moto. Wavuvi wa Kurisa wamelalamika kwa miaka kwamba samaki wa karibu wamekimbia, sasa wanakwenda mbali zaidi na kuchoma mafuta zaidi. Vumbi la makaa nalo linatua juu ya mapaa na nguo zilizoanikwa.

Pesa ipo, sikufichi. Kuna mishahara, kuna vibanda vya chakula, kuna safu za vyumba vya kupanga. Ila vyumba vinamtajirisha mwenye ardhi, na Mbajo ambaye nyumba yake imesimama juu ya maji ana ardhi gani? Picha uliyotumiwa ina nyumba na mabomba ya moshi. Mwenye vyumba hayumo.

Mimi nililelewa kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni, hapahapa Lubumbashi. Baba alileta posho: unga, mafuta, samaki. Shule ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, hata balbu ikiungua tulimsubiri mtu wa kampuni aje kuibadilisha. Mishahara ilipoacha kuja, nyumba zilizoendelea kupika bukari, yaani ugali, kila siku ni zile ambazo mama alikuwa na shamba njia ya Kipushi, au alikuwa anauza mikate tangu zamani na watu wakimcheka. Ndiyo sababu nikisoma habari za Kurisa naumia kama ninasoma za kwetu. Mvuvi aliyepoteza maji yake hana shamba la kurudia siku kiwanda kikipunguza watu.

Na kitapunguza? Wewe uliyetoka Kolwezi unaijua hiyo hadithi. Congo inatoa takribani robo tatu ya kobalti ya dunia, na ya pili sasa ni Indonesia hiyohiyo, kwa kuwa kobalti inatoka pamoja na nikeli yao. Kobalti ilipojaa sokoni bei ikaporomoka, serikali yetu ikasimamisha mauzo ya nje Februari 2025, na Oktoba ikaweka kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kuuza nje. Bei iliyokuondoa Kolwezi inaweza kukukuta Morowali. Tena Wachina wenyewe wanatengeneza kwa wingi betri za chuma na fosfati ambazo hazina nikeli wala kobalti. Na kazi yenyewe ni ya hatari: tarehe 24 Desemba 2023 tanuru lililipuka hapo Morowali wakati mafundi wanalitengeneza, watu 21 wakafa. Waliokuwa pale walikuwa wanafanya kazi ya matengenezo, mwanangu, ileile anayoitiwa fundi kama wewe.

Kuna kitu kimoja cha kwao ninachokitamani sana. Sheria ya vijiji ya mwaka 2014 imefanya kila kijiji cha Indonesia, tangu 2015, kipate fungu lake kutoka Jakarta kila mwaka, na mkutano wa kijiji unakaa kupanga litumikeje: barabara, maji, hata biashara ya kijiji. Sisi Sheria ya Migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, iende kwa tawala za mahali pa mgodi, na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwenye maendeleo ya wakazi. Ni wangapi Katuba wamewahi kuuliza fedha hizo ziko wapi? Kama Kurisa ina kesho, naiona zaidi kwenye mkutano ule wa kijiji, pale wavuvi wakipata sauti ya kudai bahari yao, kuliko kwenye lango la kiwanda.

Basi mwandikie bosi wako leo, kwa heshima. Mwambie akutumie mkataba wenye jina la kampuni, kazi, mshahara, bima, na nani analipa tiketi. Kampuni inayokuhitaji kweli itakulipia safari. Akileta mkataba wa namna hiyo, mpelekee mtu anayejua sheria za kazi kabla hujatia sahihi, na umngoje mtoto azaliwe kwanza. Asipoleta, Kasapa watu wanajenga, na kila nyumba inataka lango na vyuma vya madirisha. Anza na mashine moja uani.

Karatasi za parsele zikae kwa mke wako. Mama mkwe akikasirika, msomee ukurasa huu, na kama bado ana neno aniandikie mwenyewe, nitamjibu.