Sensa ya mapigo ya kasi: intarapti inatosha lini?

Anayepima maji ya pampu Kisauni na anayefunga enkoda (sensa ya mzunguko) kwenye mashine ya kukereza Changamwe huandika programu ileile ya bodi ya Arduino Uno: attachInterrupt kwenye pini ya 2 (intarapti: pigo likifika, chipu huacha kazi yake kidogo na kukimbilia kipande kifupi cha programu), ndani yake hesabu++, yaani ongeza moja, basi. Ya Kisauni hukubali. Ya Changamwe hupoteza hesabu, na lawama zote huiangukia sensa.

Piga hesabu kwanza. Sensa ya maji YF-S201 ikipitisha lita 30 kwa dakika hutoa mapigo kama 225 kwa sekunde. Arduino Uno haishtuki. Enkoda ya mapigo 600 kwa mzunguko, ikizungushwa mara 1,500 kwa dakika, hutoa mapigo 15,000 kwa sekunde kwenye kila waya kati ya nyaya zake mbili, A na B. Ukihesabu kupanda na kushuka kwa A na B, ni 60,000, yaani moja kila mikrosekunde 16 na ushei. Kuingia na kutoka tu kwenye attachInterrupt hula mikrosekunde kama 5.

Lakini mara nyingi mwizi ni mwingine. Chipu ya Uno hukumbuka ombi moja tu kwa kila pini. Pigo likija intarapti zikiwa zimefungwa, linangoja. Likifuata la pili, limepotea, na hutapewa ujumbe wowote wa kosa. Laibrari ya DHT11, sensa ya joto na unyevu, huzifunga kwa milisekunde kadhaa. SoftwareSerial, laibrari ya mawasiliano kwa pini za kawaida, ikipokea herufi kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde huzifunga karibu milisekunde 1. Taa za LED za WS2812 huzifunga mikrosekunde 30 kila moja: ukanda wa taa 60 ni milisekunde 1.8, na kwa enkoda ile mapigo 27 yamepita ukiandika moja. Vitu hivi vipe bodi yake.

Ndani ya intarapti ongeza namba utoke. Serial.print na delay hazina kazi humo. Namba iwe volatile unsigned long (volatile: isomwe upya kila mara), na kwa kuwa ni baiti nne kwenye chipu ya biti nane, isome hivi, la sivyo utaokota nusu ya zamani na nusu mpya:

noInterrupts(); nakala = hesabu; interrupts();

Mapigo yakizidi 20,000 kwa sekunde, mimi huacha intarapti kabisa. Peleka waya pini ya 5, uiachie Taima 1, kihesabu cha ndani ya chipu, ihesabu yenyewe:

TCCR1A = 0; TCCR1B = 7; TCNT1 = 0;

Kila milisekunde 100 soma TCNT1, utoe thamani ya awali, matokeo yakiwa uint16_t; hata ikivuka 65,535 jibu litakuwa sahihi. Gharama yake: laibrari ya Servo na PWM (analogWrite) ya pini 9 na 10 hazitumiki tena, na taima haijui mwelekeo wa mzunguko. Ukitaka mwelekeo, chukua ESP32. Ina PCNT, kihesabu cha ndani kinachosoma A na B. Pini zake ni za volti 3.3, basi usiichomeke sensa ya volti 5 moja kwa moja.

Waya nao. Mita 10 za kebo zina kama nanofaradi 1. Ukitegemea rezista ya ndani ya Uno, ya 20k hadi 50k, mawimbi ya sensa ya kolekta wazi (huvuta waya chini tu, rezista ndiyo huupandisha) yatachukua makumi ya mikrosekunde kupanda, na pigo la kasi halitafika juu. Weka rezista ya 1k hadi 4.7k kwenda volti 5. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono, kwa hewa ya chumvi ya Nyali au Likoni, huota kijani; yatie solda na uyafunike.

Jaribu kabla ya kufunga: Uno ya pili itoe kwa tone() mapigo 10,000 kwa sekunde, kisha 20,000, kisha 40,000, kila moja kwa sekunde 10. Kosa likibaki asilimia ileile, mfano 0.3, ni saa za bodi mbili zinazotofautiana. Likikua kadiri kasi inavyopanda, unapoteza mapigo.