Mlipe kwanza, ndipo umwombee

Kuwa mtunza hazina wa kanisa kumenionyesha upande wa imani ambao mimbarani hausikiki sana. Siku moja kamati ya ujenzi ilikaa kujadili deni la seremala. Mabenchi alishaleta, yamepigwa msasa na vanishi, watu wanayakalia kila ibada, naye anadai salio lake. Mjumbe mmoja akasema kwa upole kabisa: "Ndugu zangu, tumwombe alisamehe, liwe sadaka yake kwa Bwana." Wawili watatu wakaitikia amina.

Nikakataa. Sadaka anaitoa mwenye mali, haikatwi na anayedaiwa. Tumlipe yote, akitaka kutoa, kapu lipo. Kikao kilinuna, lakini alilipwa. Kama baadaye alitoa, hilo ni lake na Mungu wake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kuishi kwa haki, namwambia aanze na wanaomdai. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaeleza sababu: ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Yakobo naye, katika waraka wake sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Angalia jinsi mnyonge anavyokuja kuulizia hela yake. Anaanza na salamu ndefu, anaulizia watoto, anasifu mvua, anajikuna kichwa, ndipo anasema, "Samahani bosi, kile kitu kidogo…" Ukimfikisha hapo umeshamdhalilisha, hata ukimlipa dakika hiyo hiyo. Dada wa kazi za ndani, kibarua wa shambani, fundi aliyeziba paa lako: wote hao wanaujua Ukristo wako kuliko mchungaji wako.

La pili ni kurudisha. Tunapenda kuomba msamaha kwa machozi huku kitu cha mtu kikibaki kabatini. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri aliyetembelewa na Yesu (Luka 19), hakuishia kusema ameguswa. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Torati ilimtaka aliyekiri kosa arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Kondoo wanne kwa mmoja ilikuwa hukumu ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo, bila kushtakiwa na mtu, alijipimia kipimo kizito. Ukienda kurudisha, peleka kitu na maneno machache. Maelezo marefu mara nyingi ni njia ya kumlazimisha mwenzako akufariji.

Wengine huniuliza kama waache kazi kwa sababu ofisini kuna rushwa. Sina jibu moja kwa wote. Ila watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji, hakuwaambia waache. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango walichoamriwa. Askari nao aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu (Luka 3). Baki mezani pako, toza kilicho halali, na uwe tayari kuitwa mshamba.

Ukiitwa kusuluhisha ugomvi, wasikilize wote wawili kabla hujaanza kuomba. Kutoka 23:3 inakataza hata kumpendelea maskini kwa kuwa tu ni maskini, jambo ambalo sisi wenye huruma nyingi tunalisahau haraka.

Najua kuna asiye na hela kabisa. Anataka kulipa, mfuko umekauka. Huyo asijifiche wala asizime simu. Kama ni wewe, nenda kwake kabla hajaja, mtajie tarehe, mpe hata nusu. Tarehe ikikushinda, rudi tena umwambie mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine.