Kabukicho, mtaa wenye jina la ukumbi usiojengwa

SWALI: Shikamoo Mzee Msafiri. Mdogo wangu wa kiume amepata nafasi ya kusoma Tokyo na ataishi jirani na Shinjuku. Nimetazama video za mtaa uitwao Kabukicho, naona taa na vilabu usiku kucha, hata usingizi umenipaa. Ni mahali gani hasa? Na jina hilo linahusiana na ile michezo ya jukwaani ya Kijapani?
Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina umelipatia. Kabuki ni tamthilia ya kale ya Wajapani, na "cho" ni mtaa. Ila ukumbi wenyewe uliosababisha jina hilo haukujengwa. Mwaka 1945 ndege za Marekani ziliteketeza eneo lote. Kiongozi wa wakazi, Suzuki Kihei, aliwashawishi wenzake wasijijengee ovyo ovyo, bali waanzishe mtaa wa burudani wenye ukumbi wa kabuki katikati. Jina likabadilishwa mwaka 1948. Fedha zikapelea, ujenzi nao ulikuwa umewekewa vikwazo, mpango ukafa. Jina likabaki.

Mimi huwa nawaheshimu sana watu wale. Wamelala juu ya majivu, wanawaza jukwaa.

Jukwaa walikuja kulipata mwaka 1956, ingawa la aina nyingine. Liliitwa Koma, yaani pia, ile pia ya kuchezea watoto, kwa sababu lilikuwa na miduara iliyozunguka na kuinuka. Nilipoishi huko miaka ya 1990 niliwaona akina bibi wamepanga foleni mchana na vifurushi vya chakula, wakisubiri waimbaji wao. Lilifungwa mwaka 2008. Leo pale pana jengo la sinema, na kichwa cha Godzilla, lile dude la filamu za Kijapani, kinachungulia juu yake.

Lakini pembeni kidogo, ubavuni mwa hekalu la Hanazono, pana Golden Gai, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Ni vichochoro 6 vyenye baa zaidi ya 200, vibanda vya mbao vya ghorofa moja vilivyobanana kama meno. Wachuuzi wa soko la magendo la baada ya vita walihamishiwa hapo walipofukuzwa karibu na stesheni, baada ya amri ya 1949 ya kuondoa vibanda barabarani. Ghorofani ulifanyika ukahaba wa kificho, mpaka sheria ya kuupiga marufuku ilipoanza kutoa adhabu mwaka 1958. Vyumba vikageuzwa baa, wakaja waandishi na watu wa filamu.

Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa tambi. Nikimaliza zamu, napita kwenye baa moja yenye viti 7. Ukikaa, mgongo unagusa ukuta, na anayetaka kwenda msalani lazima wote msimame. Mwenye baa huitwa Mama, kama kwetu. Alinitangulizia kibakuli cha maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa kwa chumvi, bila kuniuliza. Ndiye aliyenisimulia miaka ya 1980, bei ya ardhi ilipopaa na wanunuzi wakawa wanawabana wenye baa wauze. Nyumba za jirani zilikuwa zikiungua katika mazingira ya kutatanisha, kwa hiyo wenye baa na wateja wao wakapeana zamu za kulinda vichochoro usiku. Alinionyesha ndoo yake ya maji, bado iko chini ya ngazi.

Sasa hofu yako. Hatari ipo, na ina sura moja: kijana anayekufuata barabarani akikutajia bei ya chini. Mimi nilimfuata mmoja. Bia 2 zikanimalizia mshahara wa wiki, na mlango ulikuwa umezibwa na watu wawili. Mwambie mdogo wako asimfuate yeyote anayemwita barabarani. Aingie penye bei iliyobandikwa mlangoni, na aulize ada ya kiti, yaani malipo ya kukaa tu, kabla hajakaa. Treni ya mwisho hupita kama saa sita na nusu usiku, asiikose.

Mara ya kwanza aende asubuhi, apitie hekaluni. Novemba huuzwa hapo reki za mianzi zilizopambwa, za kuvutia riziki. Mama alikuwa na yake juu ya chupa, na kila mwaka aliirudisha hekaluni akanunua nyingine.