Kugeuza picha ghafi kuwa TIFF: amua kwanza, ndipo ubonyeze

Vijana wanaoanza kupiga picha hapa Dodoma huniuliza sana swali hili: picha ghafi (RAW) zikishatoka kwenye kamera, zihifadhiwe kwa fomati gani zisipoteze ubora? Jibu fupi ni TIFF ya biti 16, yaani faili la picha lisilotupa chochote, lenye ngazi nyingi za mwanga kwa kila rangi. Ila jibu hilo peke yake halikufikishi mbali, kwa sababu fomati isiyopoteza kitu hutunza kile tu ulichoiingizia. Ukiiingizia shela lililoungua kwa mwanga, itakutunzia shela lililoungua.

Tuelewane kwanza faili ghafi ni nini. Kihisio cha kamera nyingi kimefunikwa vichujio vidogo vya rangi, kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970. Kila pikseli hupokea rangi moja tu: nusu ya pikseli zote hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu. Faili ghafi, liwe CR3 la Canon, NEF la Nikon au ARW la Sony, hubeba vipimo hivyo kabla havijawa picha kamili. Programu ndiyo inayokadiria rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli, ikapanga mizani ya weupe ili cheupe kionekane cheupe, ikapandisha mwanga. Maana yake, kugeuza faili ghafi kuwa TIFF ni kusafisha picha. Kuanzia hapo TIFF haitapoteza chochote, lakini kilichopotea wakati wa kusafisha hakirudi. Ndiyo maana nasisitiza: usifute faili ghafi, hata TIFF yake ipendeze namna gani.

Sasa fikiria jua letu. Saa saba mchana wakati wa kiangazi, maharusi wamesimama nje, shela jeupe linawaka, bwana harusi amevaa kofia, na udongo mwekundu unarudisha wekundu wake chini ya videvu. Kamera ya biti 14 hurekodi ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli. Nusu ya ngazi hizo, yaani 8,192, zimo kwenye hatua moja tu ya mwangaza (stop, yaani mwanga kuongezeka mara mbili), ile ya juu kabisa. Kila ukishuka hatua moja kuelekea gizani, ngazi zilizobaki zinapungua kwa nusu. Uso wa bwana harusi chini ya kivuli cha kofia uko huko chini, kwenye ngazi chache. JPEG, ile fomati ya kawaida inayotupa baadhi ya taarifa ili faili liwe dogo, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, ukiipandisha mwanga usoni itakutolea mabaka. Faili ghafi lina nafasi ya kukuokoa, mradi umepiga ukiwa umelinda shela: weka mwanga kiasi cha weupe kukaribia kuungua bila kuungua, kisha uso upandishe baadaye kwenye programu.

Na hiyo baadaye iwe kabla ya kutoa TIFF. Mizani ya weupe kwenye faili ghafi ni maelezo tu, unaibadilisha bila kugusa vipimo. Ndani ya TIFF imeshazidishwa kwenye kila pikseli, na rangi iliyogonga dari imeishia hapo. Utaona tofauti zaidi kwenye picha za ukumbini, chini ya zile taa za LED za zambarau: bluu hujaa mapema kuliko rangi nyingine, na nguo ya bibi harusi inakuwa bapa la rangi moja lisilo na mikunjo. Angalia histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga, ya kila rangi peke yake. Ile ya jumla haitoshi.

Kwa nini biti 16, wakati macho hayaoni ngazi 65,536? Kwa sababu bado utaigusa picha. Anga la Dodoma kuanzia Juni mpaka Oktoba mara nyingi halina wingu, bluu inafifia taratibu kutoka juu hadi upeo wa macho. Ukilitia giza kidogo kwenye TIFF ya biti 8 unaweza kupata mistari, anga likaonekana limepangwa tabaka tabaka. Hatari ni kubwa zaidi ukitumia nafasi pana ya rangi (nafasi ni jumla ya rangi ambazo faili linaweza kueleza) kama ProPhoto RGB, kwa kuwa ngazi zilezile chache zinatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kanuni yangu ni hii: nafasi pana kwa faili kuu la biti 16, sRGB, iliyo finyu, kwa JPEG ya mteja na ya studio ya kuchapisha. Ukimpelekea mchapishaji ProPhoto na mashine yake haisomi wasifu wa rangi (maelezo ya nafasi ya rangi yaliyomo kwenye faili), picha zitatoka zimepauka na utalaumu karatasi bure.

Gharama yake ni nafasi kwenye diski. Kamera ya pikseli milioni 24 hutoa TIFF ya biti 16 yenye takriban megabaiti 144 bila kubanwa. Harusi ya picha 500 ni gigabaiti 72. Kwa hiyo sishauri kugeuza kila kitu: chagua kwanza, geuza zile za albamu, za kuchapishwa kubwa na zitakazofanyiwa kazi zaidi. Unapobana faili, chagua njia ya ZIP. LZW, njia nyingine ya kubana, kwenye picha za biti 16 mara nyingi hulifanya faili liwe kubwa kuliko lilivyokuwa. Programu za bure zinatosha kabisa. Darktable na RawTherapee zote hutoa TIFF ya biti 16.

Kazi ninayoithamini kuliko harusi ni michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo, barabara ya Dodoma kwenda Babati, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mingi ni ya rangi nyekundu iliyofifia juu ya jiwe ambalo nalo lina wekundu wake. Watafiti wa michoro kama hii hutumia programu ya DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman, ambayo hutanua tofauti ndogo za rangi mpaka mstari usioonekana kwa macho ujitokeze. Tatizo ni kwamba inatanua pia makosa ya JPEG, ambayo hukatakata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na mtafiti anajikuta akitazama miraba badala ya mguu wa twiga. Ukipiga picha huko, piga ghafi, weka kadi ya rangi na kipimo kwenye picha ya kwanza ya kila mwamba, kisha toa TIFF isiyokolezwa wala kunolewa. Urembo ufanye kwenye nakala. Na usimwagie mchoro maji ili ung'ae, unauharibu.

PNG nayo haipotezi kitu na inabeba biti 16, lakini haina CMYK, zile rangi nne za wino za uchapishaji, na mimi naiachia nembo na mabango. DNG ya Adobe, iliyotoka mwaka 2004, ni njia nyingine: inabeba vipimo ghafi vyenyewe bila kuvisafisha, na inafaa kama unaogopa kwamba fomati ya kamera yako itakuja kuachwa. Kugeuza JPEG ya simu kuwa TIFF kunaongeza ukubwa wa faili tu. Kilichotupwa hakirudi.

Ukimaliza kutoa, fungua chache kwa programu nyingine na uzikuze hadi asilimia mia, hasa kama umeme ulikatika katikati ya kazi, kwani faili linaweza kubaki nusu huku jina lake liko kamili kwenye folda. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine. Na unaponakili, beba faili ghafi, TIFF yake, pamoja na kile kijifaili cha pembeni, XMP kwa darktable au PP3 kwa RawTherapee. Hicho ndicho kilichobeba maamuzi yako yote ya kusafisha, na kina kilobaiti chache tu.